Yaya wa Kaporali

Siku ya tisa ya adhabu yake, asubuhi ya Jumapili, Nicodème alimkojolesha mbwa mbele ya watu waliokuwa wakienda misa. Alimpitishia kitenge chakavu chini ya tumbo, akamnyanyua kiuno, miguu ya mbele ikitembea na ya nyuma ikining'inia. Kisha akamminya kibofu taratibu, kama alivyoelekezwa, mpaka mkojo ukatoka.

"Yaya wa mbwa!" mtu akapaza sauti barabarani, na wenzake wakaangua kicheko. Nicodème hakugeuka. Alida, mwenye mbwa, alikuwa mlangoni pa jiko na rozari mkononi, na aibu iliyomshika ilikuwa kubwa kuliko ya yule aliyechekwa.

Mbwa huyo aliitwa Kaporali. Alitoka kambi ya jeshi ya Mbarara, zawadi ya Hajara, mke wa askari mmoja. Alikuwa na mgongo mrefu kama benchi la kanisa na vijiguu vifupi vya kuchekesha. Jioni moja Alida alimwona jirani yake Nicodème akimfukuza kwenye maharage yake, fimbo juu. Kesho yake Kaporali aliamka anaburuta miguu ya nyuma.

Hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, Warundi bado wana wazee wao wa kuamua mashauri, bashingantahe, kama walivyokuwa nao kwao. Walikaa mbele ya nyumba ya mzee Jean-de-Dieu.

"Nilimufukuza, sikumupiga," alisema Nicodème.

Alida akasimama, akaapa kwamba aliiona fimbo ikitua mgongoni. Fimbo aliiona, ndiyo. Kutua kwake kuliongezwa na hasira. Lakini Alida ni rais wa Lejio ya Maria, chama cha sala kanisani, na Nicodème ni mtu wa peke yake, hana mke wala ndugu, kwa hiyo aliyeaminiwa ni Alida. Wazee wakaamua: Nicodème atamuuguza mbwa, asubuhi na jioni, mpaka atembee au afe.

Siku mbili baadaye Alida alimpeleka Kaporali Mbarara kwa daktari wa mifugo, Byaruhanga. Daktari alimpapasa uti wa mgongo, pingili kwa pingili.

"Mama, hii mbwa hakuna mtu alipiga," alisema. "Katikati ya mifupa ya mgongo iko diski. Moja imetoka, inakanyaga neva. Mbwa ya mgongo murefu inazaliwa na hiyo shida. Wiki sita isiruke, isikimbie. Umufungie pahali padogo."

Njia nzima ya kurudi Alida alijiambia: nikifika tu, nasema. Alifika akamkuta Nicodème anagongelea mbao za kibanda cha mgonjwa, misumari mdomoni. Akamweleza habari ya kitenge, ya kibofu, ya kumgeuza ubavu asiote vidonda. Habari ya diski hakuitaja. Hapo kwao, aliyeapa uongo mbele ya bashingantahe hasikilizwi tena, si barazani, si kanisani. Nitasema kesho, alijiambia. Na kesho yake akajiambia hivyo hivyo.

Wiki ya tatu vidonge viliisha wakati Alida yuko kitandani na malaria. Nicodème akaenda Mbarara mwenyewe, na Alida alishinda siku nzima akitokwa na jasho ambalo halikuwa la homa peke yake.

"Dokteri amesema nini?" aliuliza mara Nicodème alipoingia.

"Amesema tuendelee vile vile, mama. Asiruke." Akaweka vidonge mezani, akaenda kufua kitenge.

Alida akashusha pumzi, na papo hapo akajichukia kwa kuishusha.

Nicodème hakukosa hata siku moja. Alimkanda Kaporali mapaja, akamtandikia gunia asiteleze, akamsimulia habari za migomba ya kwao Makamba. Siku moja alikuja mbio jikoni, furaha imemjaa usoni.

"Mama, leo amekojoa yeye mwenyewe! Kidogo tu, lakini ni yeye!"

Alida alijifanya anapuliza moto ili asitazamane naye. Machozi yalimtoka, akasingizia moshi.

Wiki ya sita Kaporali alitembea. Hatua nne, akayumba, akakaa, akainuka tena. Nicodème alilia waziwazi, bila kujificha. Hapo Alida akashindwa kabisa kuvumilia. Akatuma ujumbe kwa mzee Jean-de-Dieu: naomba wazee wakae, nina neno.

Watu walikuja wengi, hata wanawake wa Lejio na vilemba vyao vya buluu. Alida akasimama. Angeshukuru ardhi ipasuke immeze, lakini alikuwa ameshaamua.

"Wazee wetu," alianza, "siku ile niliapa hapa mbele yenu..."

"Unisamehe nikukate neno, mama." Nicodème alikuwa ameshainuka, kofia mkononi. "Wazee, mama ana huruma, anataka kuniombea musamaha. Lakini mwenye kuomba ni mimi. Niliwadanganya. Ile mbwa nilimupiga."

Minong'ono ikazagaa. Mzee Jean-de-Dieu alimtazama kwa masikitiko, kisha akasema kwamba kosa limekubaliwa, mbwa amepona, na shauri limekwisha. Wanawake wa Lejio wakampigia Alida makofi.

Alida alikuwa bado amesimama, mdomo wazi. Nicodème akapita karibu naye akirudi kwenye benchi, akainama sikioni mwake.

"Kaa, mama. Dokteri aliniambia yote siku ile ya vidonge."