Mwitikiaji wa Tatu

Bi Mwanakheri alikuwa amekwisha kuzikataa hedfoni mbili. Za kwanza zilipiga ngoma tu. Za pili zilimbana kama vibanio vya nguo.

"Lakini wimbo uliusikia, bi mkubwa?" Hamdu, muuzaji, alimuuliza.

"Wimbo naujua, mwanangu. Namtafuta mwitikiaji wa tatu. Waliitikia wanawake watano, na miaka yote hii wenzake wanadai yeye alikuwa akifungua mdomo tu."

Hamdu akacheka, akamvisha za tatu, za bei rahisi kuliko zote, akaurudia ule wimbo wa taarabu kwenye simu.

Ubeti ukapita. Kiitikio kilipoingia, Bi Mwanakheri akashika kifua.

"Huyu hapa!" akapiga kelele, maana masikio yalikuwa yamezibwa. "Anaimba! Tena anaimba haswa!"

Akafungua pindo la kanga, akatoa noti, akaiinua juu. Akasogea mbele kwa madaha, mabega yakicheza, kama wanawake wanavyokwenda kumtunza mwimbaji harusini.

"Mwimbaji mwenyewe yuko wapi?" Hamdu aliuliza.

Hakumsikia. Alikwishafika kwenye kioo cha wateja kujitazamia, na noti ameibandika kwenye paji la uso la yule mwanamke mwenye hedfoni, anayeitikia kwa mdomo wazi.