Viluwiluwi wa Posa

Wanlop, mpiga ngoma wa bendi, mtu ambaye hajawahi kujichemshia hata yai lake mwenyewe, alikuwa amepiga magoti kando ya tangi la saruji akiponda kiini cha yai kwa vidole na kukinyunyiza majini.

"Kuleni, wazuri wangu," aliwabembeleza viluwiluwi. "Kuleni mnipe mke."

Sharti lilikuwa la Mama Lamai, mama wa msichana aliyemposa. Kijijini kwao huko Roi Et bwana arusi huhamia ukweni, na Mama Lamai hakuwa tayari kufuga mpiga ngoma bure. Alimkabidhi kijana tangi la viluwiluwi wachanga, akatangaza mbele ya majirani: "Sikukuu ya kurusha roketi za kuomba mvua ikifika, nikikuta tangi limejaa vyura, mchukue Phikun. Nikikuta maji matupu, chukua ngoma zako uende. Asiyeweza kulea chenye mkia hawezi kulea chenye miguu!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wanlop hakucheka. Alimpenda Phikun, binti wa pekee wa Mama Lamai na mumewe, mpaka usingizi ulimpaa, na kama njia ya kumpata ilipita ndani ya tangi, basi angeingia mzima mzima.

Akajifunza kazi. Viini vya mayai kwa wachanga, kisha majani yaliyochemshwa yakalainika, kisha pumba za mpunga zilizokandwa na samaki wa kusaga. Wakubwa aliwatenga na wadogo, maana kiluwiluwi akimzidi mwenzake kichwa tu, humfanya kitoweo. Maji aliyabadilisha kila asubuhi, Phikun akimsaidia kubeba ndoo. Wakanenepa hao! Wakatoa vitambi kama waheshimiwa.

Lakini kadiri walivyonenepa ndivyo walivyopungua.

Mama Lamai alikuja kukagua, uso ameukunja. Siku hizo hasira zake zilikuwa karibu sana. "Wenzao wako wapi?"

"Wanakulana, Mama."

"Wanakulana kwa njaa! Unawalisha nini, nyimbo?" Akaziba pua. "Na lile dumu la samaki wa kuvundika nani kaliacha wazi? Linanuka mpaka kwa jirani!"

Samaki wale alikuwa amewavundika mwenyewe, lakini nani angethubutu kumkumbusha? Phikun alitoka mbio kulifunika, mfuko wa ukwaju mbichi mkononi.

"Ukwaju wote huo wa nani?" Wanlop alimuuliza.

"Wa nyumbani," alijibu Phikun, akatazama chini, akarudi ndani.

Wanlop hakulijali hilo. Mawazo yake yalikuwa kwa mwizi, kwani viluwiluwi waliotengwa vizuri hawapungui hivyo bila kuibwa. Alimshuku nyoka, akamshuku bata wa jirani, akamshuku na jirani mwenyewe. Mwishowe akaamua kuvizia. Mchana, jua lilipowalaza watu wote, alijifunika gunia la pumba nyuma ya tangi akangoja, jasho likimchuruzika.

Maji yakachapwa. Wanlop akaruka, akamkwida mwizi ukosi.

Alikuwa Baba Khamsing, baba yake Phikun, wavu mkono mmoja na jani la mgomba mkono wa pili.

"Baba! Kumbe ni wewe unayeninyima mke?"

"Sss! Utaamsha nyumba." Mzee aliketi ukingoni mwa tangi, amenywea. "Nimekosa, mwanangu. Si kwamba sikutaki. Hao wa sokoni wana ladha ya tope. Wako wamenona. Ukiwafunga kwenye jani na pilipili na mchaichai, ukawapika kwa mvuke..."

"Kwa hiyo ni uroho tu?"

"Ingekuwa uroho, ningeshukuru." Baba Khamsing aliitupia nyumba jicho. "Humo ndani mna mwenye mimba. Kila anachokula anatapika. Hiki tu ndicho kinachokaa tumboni. Mwenyewe anadhani nanunua sokoni. Tulitaka kuficha mpaka arusi ipite, majirani wasije wakatucheka. Aibu hii nitaipeleka wapi mimi?"

Wanlop aliketi chini, kwenye maji.

Yeye na Phikun walikuwa wameshikana mikono tu, tena kwa kuibia, tena Mama Lamai akikohoa pembeni. Mimba haiingii kwa kiganja. Akamfikiria mwimbaji wa bendi yao, yule mwenye meno mengi. Akamfikiria kijana wa duka la simu. Kwa wivu akatamani alipige teke tangi lile, abebe ngoma zake na asionekane tena Roi Et.

Kisha akamkumbuka Phikun na ndoo zake za asubuhi, anavyocheka hata utani usiochekesha, na machozi yakamtoka. Angekwenda wapi bila yeye? Mjinga ni mjinga, na mapenzi hayaponi kwa hasira.

Akasimama. Akauchukua wavu mkononi mwa mzee, akawachota wale walionona kuliko wote, akawamimina mwenyewe juu ya jani.

"Mpelekee ale ashibe," alisema. "Na umwambie simwachi. Sitauliza ni ya nani. Mtoto akizaliwa nitamlea kama wangu, na ataitwa kwa jina langu."

Baba Khamsing alimkodolea macho. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu, ingawa kidevu kilipanda juu kidogo, kwa majivuno.

"Moyo mzuri unao, kijana," alisema. "Lakini huyo mtoto, hebu mwoe dada yake kwanza. Huyo ni shemeji yako."