Chembe Chini ya Vanishi

Elikana alipoushika ule mdomo wa tromboni, mpana kama ua la boga, kidole gumba kikanasa. Vanishi ilikuwa mbichi.

"Wako si umepasuka?" alisema Kisamo, muuza vyuma chakavu. "Chukua huu, kaka, Jumapili mkapige."

Elikana akaugeuzia kwenye mwanga. Fundi wa kweli huisafisha shaba mpaka itakate, ndipo aipake vanishi nyembamba. Hii ilipakwa nzito, harakaharaka. Akapitisha ukucha, akahisi chembe chini yake, nyekundu kama udongo wa makaburini kule mlimani.

Kisha akaona ukingoni pale palipobonyea siku alipoudondosha mwenyewe, akiwa bado mwanafunzi.

Katika bendi yao, mpigaji huzikwa na mdomo wa tromboni yake. Huu aliuweka yeye, kwa mikono yake, kifuani mwa Mwalimu Zefania kabla jeneza halijafungwa.

"Umeupata wapi?"

"Unanunua au unapeleleza? Upulize kwanza, uusikie."

Elikana akauchomeka kwenye tromboni aliyokuja nayo, mahali pa ule uliopasuka. Ukaingia barabara. Akavuta pumzi, mashavu yakamjaa, na pumzi ikakataa kutoka.

Kwenye vanishi, alama ya kidole chake ilikuwa imeanza kukauka.