Mashine Haikulia

Mashine ilikataa kulia. Januarius aliipitisha chini ya kitanda, kwenye kichanja cha vyombo, ndani ya ghala la mahindi, akaizungusha hata juu ya mafiga, nayo ikawa inadonoa pole pole tu, tk, tk, kama kuku aliyeshiba. Wilhelmina alimfuata nyuma nyuma akiiombea ilie. Ilie basi, wajue kilipo, wakichukue waende nacho.

"Mlio huo ni wa kawaida, mama," Januarius alisema. "Hata pale porini inafanya hivyo. Kingekuwa hapa, tungeziba masikio."

Alikuwa mtaalamu wa mionzi, ametumwa kutoka mjini. Kule yanakochomelewa mabomba makubwa ya maji, watu wa kampuni walikuwa wakivipiga viungo vya mabomba picha kwa mionzi, na kile kinachotoa mionzi kikachomoka kwenye mtambo, wasijue. Asubuhi alimwonyesha Wilhelmina picha yake kwenye simu. Kamnyororo kafupi, kanang'aa, urefu wa kidole. Wilhelmina alikatazama mpaka macho yakamuuma. Jamani, kadude kama hako ndiko kalikomuua Masele wake!

Masele alianza na vidonda vya mkono. Wakadhani ni utomvu wa minyaa, maana alikuwa ameshinda akiziba ua wa zizi. Kisha paja likaanza kuoza, pale mfuko wa suruali unapokaa. Madaktari waliposhtuka na kuanza kumuuliza alichokiokota, mwenyewe alikuwa hasemi tena. Matanga yalikuwa hayajaisha bado.

Na sasa ni Minza. Mtoto wa miaka sita, kila asubuhi anaamka anatapika, na nywele zinabaki kwenye mto. Wilhelmina alikwisha kumfungia nguo zake kwenye khanga. Walikuwa wanaondoka leo leo kwenda kwa dada yake, Nyalikungu, na liwalo na liwe.

Ndugu wa mume walikuwa na maneno yao. Mji umerogwa, walisema. Kwanza amekufa maksai anayetangulia kundi, akafuata aliyeshika nafasi yake, bwana mifugo akasema ndigana, sindano zikachomwa, wapi. Halafu akafuata mwenye mji. Walipofika hapo walimtazama mjane kwa jicho la pembeni. Hilo la kutazamwa angelivumilia. La mtoto ndilo lililomshinda.

"Una hakika mumeo hakukileta nyumbani?" Januarius aliuliza tena.

"Mimi sikukiona. Ningekiona ningekuletea kwa mikono yangu hii."

"Usingekishika, mama."

"Basi ningekuonyesha kilipo. Nifanye nini, baba? Niambie."

Januarius alitoka tena na mashine yake. Alizunguka zizi, tupu wakati huo, akapima mavi na vigingi, akapima hata kaburi. Tk, tk.

"Labda shemeji yangu Mayige anajua kitu," Wilhelmina alisema. "Walikuwa wanashinda wote. Ametoka na ng'ombe alfajiri, kabla hamjafika. Jioni anarudi. Msubirini."

Mtaalamu alitazama mawingu. Dereva alishapiga honi mara mbili. Mto ukijaa gari halivuki, na kuna mji mwingine huko Nkoma unawangoja, nako kuna mtu mwenye kidonda. Alisema atampigia Mayige. Mayige hana simu. Basi atampigia mwenyekiti wa kijiji.

"Nadhani alikitupa huko huko njiani," alisema. "Tutakitafuta. Lakini hapa kwako ni safi, mama, nimepima kila pembe." Akakiona kifurushi cha khanga mlangoni. "Unampeleka wapi huyu mtoto?"

"Nyalikungu."

"Kwa pikipiki? Utammaliza. Damu yake imepungua, akitikiswa njia yote hiyo hafiki. Mlaze hapa hapa, ale, apate nguvu. Anatafutiwa kitanda hospitali kubwa, wiki ijayo gari litakuja kumchukua."

Wilhelmina alikaa chini pale pale uwanjani akalia. Hakulia kwa uchungu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mtu mwenye elimu yake kumwambia kuwa nyumba yake haina neno. Gari lilipotokomea aliifungua khanga, akazirudisha nguo kwenye sanduku, akamlaza mwanawe kwenye kitanda chake cha dirishani na kumnywesha uji. Minza aliunywa wote, haukutoka. Mama akamshukuru Mungu.

Jioni ng'ombe walirudi.

"Mwadila, shemeji," Mayige aliamkia kutoka nje. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa kitambaa. Minyaa tena, alisema alipoona anatazamwa. Akawaswaga ng'ombe zizini, ila maksai wa mbele akambakiza. Tangu wezi wa mifugo waanze kusumbua Nkololo, anayevaa kengele analazwa ukutani mwa nyumba, akishikwa tu wenyeji waamke. Huyu alikuwa wa tatu kuivaa. Mayige alimfunga kigingini, chini ya dirisha la Minza, kama kila siku.

Kengele iligonga. Minza akafumbua macho, akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya tangu baba yake achukuliwe kwenda hospitali.

"Mayu, nifungulie dirisha niisikie vizuri."

Wilhelmina alilifungua dirisha. Kichwa cha maksai kilikuwa pale pale, angeweza kukigusa.

"Zamani kengele hii ilikuwa bubu," mtoto alisema. "Baba ndiye aliyeitia ulimi. Kamnyororo kadogo, Mayu, kanang'aa. Alikaokota kwenye mabomba."