Bega la Kushoto

Kwenye uwanja wa shabaha, Mama Victoire alilaza shavu kwenye kitako cha bunduki, akafumba jicho moja, kisha akalifumbua tena. Mtu wa kadibodi aliyesimama mbele ya tuta la udongo alikuwa na bega la kushoto lililoshuka.

Alilijua bega hilo. Lilikuwa la mume wake, lililovunjika siku walipokimbia kutoka Uvira.

Mume ndiye aliyetengeneza shabaha ile nyumbani kwao, mtaa wa Troyeville, ili mkewe apate kufanya mazoezi. Aliunganisha mabomba ya plastiki yakawa stendi ya kukunja inayoingia kwenye buti ya gari, akashona pia mifuko ya mchanga ya kukandamiza miguu ya stendi isiangushwe na upepo. Mtihani wa walinzi ulikuwa kesho yake, na kampuni ya ulinzi haingemwajiri mkewe bila kuufaulu.

"Papa Victoire, nani alilala pa karto ukamuchora?"

"Ni miye njo nililala," mumewe akajibu kutoka nyuma. "Nikajizungushia kalamu. Kuna nini?"

Mama Victoire aliteremsha bunduki, akaiinua, akaiteremsha tena. Jasho lilifanya kidole kiteleze kwenye kifyatulio. Mwalimu wa shabaha akamwambia aamue, kuna wengine wanangoja.

"Kuja hapa," alimwambia mumewe bila kugeuka. "Weka mukono pa mugongo yangu, nisikie kama uko huku."

Mkono ukaja, mzito na wenye joto, ukatulia kati ya mabega yake.

Mama Victoire akavuta pumzi, akafyatua.