Pampu Iliyotoka Nzima

Muuzaji wa Mbeya alikigeuza juu ya meza kile chuma alicholetewa na Seni, akatazama waya uliobanwa kwa kipande cha madini ya risasi chenye mhuri wa kiwanda, kisha akakirudisha kwa ncha ya kidole.

"Hiki si chetu. Sisi tuliwauzia pampu ya maji. Injini ilikuja ndani yake, imefungwa hukohuko kiwandani. Nendeni kwa wakala wa injini, Iringa."

"Mzee, ng'ombe wanakufa," Seni alisema.

"Na ukiukata mhuri huo, kosa ni lako."

Kwenye benchi la mlangoni, Ngolo, mama yake Seni, aliinua macho yake mekundu. Moshi wa kinyesi cha ng'ombe ulikuwa umeyaivisha tangu ujana wake Usukuma. Kijijini kwao, huko Usangu, hakuna aliyetaka kusikia habari za moshi.

"Baba," aliuliza, "ilipotoka kiwandani ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa, bibi. Ilipimwa."

Siku ya uzinduzi wa pampu kijijini, mashine ilikohoa, ikatema maji kidogo, ikazimika palepale Ngolo alipotega ndoo. Haikuwaka tena. Kisimani maji yalikuwapo, ila hayakupanda. Ng'ombe walipoanza kuanguka kwa kiu, watu walianza kunong'ona juu ya mwanamke mwenye macho mekundu. Mwishowe Mzee Budeba, mwenyekiti wa kijiji, alimwita Seni pembeni.

"Mwanangu, mimi simwiti mtu mchawi. Lakini kosa halikosi mwenyewe. Nitafutie mtu aliyekosea, nimtaje mbele ya watu. Asipopatikana, vijana hawatanisikiliza. Wameshaanza kunoa mapanga."

Seni akaing'oa kutoka kwenye injini pampu ndogo inayosukuma dizeli, ile yenye mhuri, akaitia kwenye gunia, akamchukua na mama yake, wakaanzia Mbeya. Hakuthubutu kumwacha nyuma.

Wakala wa Iringa alikuwa kijana mpole, mwenye tai.

"Injini ni yetu, kweli. Lakini waliotengeneza pampu ya maji ndio walioifunga na kuipima. Sisi hatuwajibiki. Warudieni waliowauzia."

"Hao ndio waliotuleta kwako."

"Basi na mimi nawarudisha."

"Mwanangu," Ngolo alisema, "ilipotoka kwenu ilikuwa nzima?"

"Kama yai, mama."

Nje, Seni aliketi kwenye ngazi na gunia lake mapajani. Alikuwa ameishiwa na milango ya kubisha. Dereva mmoja wa lori aliwaonea huruma, akawaelekeza kwa Didas, fundi mwenye gereji nyuma ya soko.

Didas alisikiliza mpaka mwisho, akachukua koleo.

"Ukikata, kosa ni lako," Seni alimwonya.

"Makosa yangu ni mengi, kaka. Hili litapata wenzake."

Waya ukakatika. Didas akafungua kifuniko, akachungulia, akapiga mluzi. Ndani, valvu ya kupitishia dizeli, ndogo kama punje ya hindi, ilikuwa imewekwa kichwa chini.

"Mwone mtu wa kiwandani! Siku hiyo alikuwa anawaza ugali."

Seni alicheka, kicheko cha kwanza tangu uzinduzi. Ngolo hakucheka.

"Wewe, baba, ulikuwapo huko kiwandani?"

"Mimi, bibi? Hata Dar es Salaam sijafika."

"Na mhuri ulikuwa haujaguswa."

"Haujaguswa kabisa. Si umeniona nikiukata?"

Didas akaigeuza valvu, akarudisha kifuniko. Kijijini, Seni aliifunga pampu mahali pake. Injini ikanguruma, na safari hii haikukohoa. Maji yakaruka kutoka kwenye bomba, ng'ombe waliosalia wakaja wakisukumana. Seni aliwaonyesha watu jinsi valvu ilivyokuwa imegeuzwa. Wazee waliupokezana mhuri uliokatwa, mkono kwa mkono, wakatikisa vichwa. Hata vijana waliinamisha macho.

"Mmesikia?" Budeba alisema kwa sauti kubwa. "Kosa ni la kiwandani. Mama Ngolo ni wetu. Atakayemgusa amenigusa mimi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Seni aligeuka kumtafuta mama yake. Alikuwa ameshasogea hadi katikati ya watu, na watu wakanyamaza wasikie shukrani zake.

"Watu wawili waliosoma wameniambia ilitoka nzima," Ngolo alisema, bila kumtazama mwanawe. "Mhuri haukuvunjwa. Aliyeingia humo ndani akaigeuza valvu bila kukata waya hakuingia kwa mikono. Na ilizimika mimi nilipotega ndoo."

Akapiga magoti mbele ya Budeba.

"Sikujua kama ninao huo uchawi, baba. Ni mimi."