Mteremko wa Mashariki

Niliandika "Mteremko wa Mashariki", na ramani ikaja kutoka kwenye tableti ya mdogo wangu.

Mtandao wetu wa ofisi ya upimaji ndivyo ulivyo. Unataja jina la ramani unayoitaka, na mashine yenye nakala mpya kuliko zote, popote ilipo, ndiyo inayokujibu. Mdogo wangu alikwenda asubuhi kuupima mteremko huo. Saa nne ukaporomoka, ukamfukia pamoja na begi lake.

Nikaomba tena. Tableti ikajibu tena. Nilimfundisha mwenyewe kuitumia, naye alikuwa akiibeba kama yai. Sasa ilikuwa inaniitikia kutoka chini ya udongo, upesi vilevile kama yeye nikimwita: "Abee, dada!"

Sikuwa na haja ya ramani yoyote. Niliomba tu, nikaomba, nikaomba, mpaka kitufe kikalowa jasho la kidole changu.

Mchana simu ya ofisi ikalia. Alikuwa kiongozi wa waokoaji, akihema.

"Jamani, tunachimba kwa kufuata mawimbi ya tableti yake. Zimebaki kama mita mbili hivi, lakini chaji inakwisha mbio. Kuna mtu huko kwenu anaiombaomba ramani. Mwambieni aache!"

Bosi akatugeukia, simu ingali sikioni. "Ni nani huyo?"

Nilikuwa nimeshabonyeza.

Ramani ikaja. Safari hii ilikuwa ya jana, kutoka makao makuu, na mteremko ulikuwa mzima.